Nani Hulipia Michezo ya Vyuo Vidogo? Uchambuzi wa Hazina za Michezo katika Nchi ya Gusii

Chanzo cha mkanganyiko

Kila muhula mpya unapoanza, na karatasi za karo zikawafikia wazazi wa Keroka, mji ambao upande mmoja wake umo katika Kaunti ya Kisii na upande wa pili katika Kaunti ya Nyamira, huzuka swali ambalo halijapata jawabu la kutuliza nyoyo: ikiwa serikali husema kwamba inagharimia elimu, na magazeti husema kwamba kampuni kubwa hudhamini michezo, na mashabiki huonekana wakifurika katika Uwanja wa Gusii kuishangilia klabu ya kandanda ya Shabana, mbona basi mstari wa michezo ungali umo katika karatasi ya karo, na mbona, hata baada ya mstari huo kulipwa, timu ya chuo hukosa nauli ya kwenda mashindanoni?

Wapo wasemao kwamba fedha hizo huliwa. Wapo wasemao kwamba michezo ni anasa isiyostahili kuombewa fedha maadamu maabara hazina vifaa. Na wapo waaminio kwamba laiti angepatikana mdhamini mmoja karimu, taabu yote ingekoma. Kila mmoja wao ameshika sehemu ya haki, walakini hakuna aliyeishika yote, kwa kuwa aghalabu hubishana juu ya ukubwa wa fedha kabla ya kuulizana zinatoka mfukoni mwa nani. Muradi wa uchambuzi huu ni kuzifuata fedha hizo tangu zinakochimbuka hadi zinakoishia, kuzieleza rai nne zinazoshindana juu ya namna bora ya kuzipata, na kisha kuzitia rai hizo katika mizani.

Historia kwa ufupi

Si haki kuwadhania watu wa Gusii kuwa wageni wa michezo. Nyantika Maiyoro alikimbia katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, wakati Kenya ingali chini ya Mwingereza. Naftali Temu, mzaliwa wa sehemu zinazoitwa leo Nyamira, aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000 mjini Mexico mwaka 1968. Na miaka minne baadaye, mjini Munich, Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko walijiunga na Julius Sang wakatwaa dhahabu ya mbio za kupokezana za mita 400 kwa wanne.

Lililo muhimu kwa hoja yetu ni kwamba Ouko na Sang walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina Central, chini ya mwalimu LeRoy Walker, na kwamba Yobes Ondieki, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 1991 na mtu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, naye alipita Chuo Kikuu cha Iowa State. Ndiyo kusema kwamba kwa miaka mingi sehemu ya gharama ya kuwalea wanamichezo wa Gusii ilibebwa na vyuo vya Marekani, na jambo hilo liliwafanya wengi wasiulize ingekuwaje kama gharama hiyo ingelipwa nyumbani.

Vyuo vya nyumbani vilikua kwa njia nyingine. Taasisi ya Ufundi ya Gusii, ambayo leo ni Kisii National Polytechnic, ilizaliwa kwa michango ya Harambee. Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka 1965 kikiwa chuo cha walimu, kikawa kampasi ya Egerton mwaka 1994, na kikapata hati yake ya kujitegemea mwezi Februari 2013. Kiliingia katika ujana wake wakati vyuo vikuu vya umma vilipokuwa vikistarehe kwa mapato ya wanafunzi wanaojilipia, mpango ulioanza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1998, na kwa mapato hayo mambo mengi yasiyokuwa na fungu lake maalumu, michezo ikiwa miongoni mwayo, yaliweza kugharimiwa pasipo kelele. Ila mwaka 2016 udanganyifu katika mtihani wa kitaifa ulipodhibitiwa, idadi ya watahiniwa waliopata alama ya kuingia chuo kikuu ilianguka kutoka zaidi ya 160,000 mwaka uliotangulia hadi chini ya 90,000, na mwaka huo huo Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliamuru kampasi nyingi za Chuo Kikuu cha Kisii zifungwe. Chemchemi ikakauka, na kila idara iliyokuwa ikinywa humo bila kuhesabu ikalazimika kuhesabu.

Mahali gharama inapozaliwa

Kabla ya kuhukumu mapato ni wajibu kuyafahamu matumizi, maana udogo wenyewe wa chuo ni gharama. Timu ya kandanda huhitaji wachezaji kumi na mmoja na akiba yao, kocha, jezi, mipira na basi, iwe chuo kina wanafunzi mia nne au elfu nne. Wala dereva atokaye Keroka kwenda Kisumu hapunguziwi bei ya mafuta kwa sababu chuo kilichomtuma ni kidogo.

Mfano wa shule za sekondari, ambazo ndizo huvilea vyuo, hulidhihirisha jambo hili. Mgawo wa serikali uliowekwa kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ni shilingi 22,244 kwa mwaka, na ndani yake shilingi 1,500 zimetengewa shughuli za nje ya darasa. Shule ya wanafunzi 400 hupata kwa hesabu hiyo shilingi 600,000, na shule ya wanafunzi 1,600 hupata shilingi 2,400,000, ilhali zote mbili hutakiwa kupeleka timu katika mashindano yale yale, na fungu hilo hilo lihudumie tamasha za muziki na maigizo.

Juu ya hayo, mfumo wenyewe wa mashindano humtoza mshindi. Timu inayotolewa katika kaunti ndogo hurudi nyumbani jioni ile ile. Inayoshinda huendelea hadi kaunti, kisha eneo zima la Nyanza, kisha taifa, na ikibahatika sana, mashindano ya Afrika Mashariki, na kila ngazi huongeza siku za kulala nje, chakula na masafa. Mkuu wa chuo kidogo, kwa hiyo, huweza kujikuta akiombea timu yake ushindi hadharani na kuuogopa moyoni, kwa kuwa bajeti yake iliandikwa kwa kutarajia kushindwa mapema.

Rai ya kwanza: wanafunzi na walipe ada

Rai ya kwanza, ambayo ndiyo itumikayo zaidi, husema kwamba michezo ni sehemu ya malezi ya kila mwanafunzi, na kwa hiyo kila mwanafunzi aichangie kwa ada ya lazima. Nguvu yake ni uthabiti: idadi ya wanafunzi ikijulikana, mapato nayo hujulikana, na chuo hakimpigii mtu magoti. Hata Marekani, ambako watu wengi hudhani kwamba michezo ya vyuo hujilipia kwa matangazo ya televisheni, ni vyuo vichache tu vikubwa vyenye neema hiyo; vilivyosalia hutegemea ada za wanafunzi na ruzuku kutoka katika hazina ya chuo chenyewe.

Udhaifu wake ni wa namna mbili. Kwanza, mlipaji si mchezaji: mamia hulipa ili thelathini wasafiri, na binti asomaye ushonaji au uhasibu katika chuo cha ufundi cha Keroka, ambaye hajapata kuitwa uwanjani hata siku moja, hulipa sawasawa na nahodha wa timu. Pili, ada ikishaingia katika mfuko wa jumla wa chuo hupoteza jina lake. Mishahara ikichelewa au msambazaji wa chakula akigoma, fedha za michezo ndizo za kwanza kuazimwa na za mwisho kurudishwa. Hapo ndipo tuhuma za wizi huzaliwa, hata pale ambapo hapana aliyeiba, na ambapo kosa ni kuchanganya mafungu tu.

Rai ya pili: serikali na ibebe mzigo

Wenye rai ya pili huuliza: kama michezo ni fahari ya taifa, mbona isilipiwe na taifa? Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi serikali za kaunti shughuli za michezo na viwanja vyake. Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, unaotokana na kodi za michezo ya kamari, uliundwa mwaka 2018. Na Sheria ya Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge ya mwaka 2015 huruhusu hadi asilimia mbili ya fedha zake zitumike kwa michezo. Ukiitazama orodha hii tu utadhani kwamba chuo kidogo kimezungukwa na hazina pande zote.

Lakini kila hazina ina mlango wake na kufuli lake. Kaunti huweza kujenga uwanja, ila elimu ya vyuo vikuu si jukumu lake, na kwa hiyo mhasibu wake hawezi kwa wepesi kulipia basi la wanafunzi wa chuo kikuu. Keroka huongeza fundo jingine, maana mji uliogawanyika baina ya kaunti mbili, ambazo zimekuwa zikivutana juu ya ushuru wake, ni rahisi kila upande kuudhania kuwa mzigo wa mwenziwe. Hata viwanja vyenyewe huchukua umri: ule wa Manga, upande wa Nyamira, umejengwa kwa miaka mingi na kwa vituo vingi. Mfuko wa kodi za kamari nao umeelekezwa hasa kwa timu za taifa, viwanja vikubwa na mahitaji mengine ya jamii, afya ikiwa miongoni mwayo. Na Mfuko wa Maeneo Bunge ulitangazwa na Mahakama Kuu mnamo Septemba 2024 kuwa unakiuka Katiba, ukapewa muhula hadi Juni 2026.

Fauka ya hayo, ahadi ya serikali ni jambo moja na uwezo wake ni jingine. Mwezi Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba Hazina haiwezi kuendelea kutoa shilingi 22,244 zilizoahidiwa kwa kila mwanafunzi wa sekondari, na kwamba inachokimudu ni takriban shilingi 16,900. Vyuo vikuu navyo vililetewa mwaka 2023 utaratibu mpya wa ufadhili na mikopo, ukapingwa mahakamani, na mwezi Desemba 2024 Mahakama Kuu ikauharamisha kabla ya shauri kuendelea katika rufani. Msimamizi wa michezo asiyejua chuo chake kitafadhiliwa kwa sheria ipi mwakani hawezi kumwahidi kocha mshahara wa mwaka mzima. Serikali, basi, hutoa fedha nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, lakini hutoa kwa kuchelewa, na michezo ina kalenda isiyosubiri.

Rai ya tatu: wadhamini na viingilio

Rai ya tatu hupendwa zaidi kwa kuwa haimgusi mzazi. Husemwa kwamba chuo na kijitafutie mdhamini, kiuze tiketi, kikodishe uwanja wake kwa mikutano na harusi, na kiwaite wahitimu wake wachange. Uganda hutajwa kama mfano, na kwa haki: ligi ya kandanda ya vyuo vikuu iliyoanzishwa huko mwaka 2010, ambamo timu huchezeana nyumbani na ugenini, imepata kuvuta udhamini wa kampuni kubwa za vinywaji na mawasiliano na kuonekana na umma mpana.

Hata hivyo, tusisahau kwamba kampuni hizo ziliinunua ligi nzima, hazikununua chuo kimoja. Mdhamini hununua macho ya watu; na macho ya Gusii siku ya mchezo huelekea Shabana, klabu iliyorejea ligi kuu mwaka 2023 baada ya miaka kumi na saba, na ambayo mtu huifuata kwa mapenzi ya ukoo na lugha kuliko kwa hesabu ya pointi. Mechi ya chuo cha ufundi dhidi ya chuo cha walimu, ijapokuwa nzuri, hutazamwa na wanafunzi waliokwisha kulipa ada, na kuwatoza kiingilio ni kuwatoza mara mbili.

Wadhamini nao huondoka kwa sababu zisizomhusu mchezaji. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilikatiza udhamini wake nchini mwaka 2018 kodi ya kamari ilipopandishwa hadi asilimia 35, na baada ya mzozo wa leseni na kodi mwaka 2019, klabu kubwa kama Gor Mahia na AFC Leopards zikaachwa mikono mitupu. Ikiwa hayo yaliwafika wakubwa, chuo kidogo kitajikinga kwa nini? Na kama tutasema kwamba mdhamini afaaye ni wa hapa hapa, kwa mfano kiwanda cha chai cha Kiamokama au cha Nyansiongo, na tukumbuke kwamba viwanda hivyo ni mali ya wakulima wenyewe, na kila shilingi itolewayo kwa jezi hupunguza bonasi ambayo mzazi huitegemea kulipia karo. Fedha zimezunguka zikarudi mlango ule ule.

Wamarekani wamebuni mapato ya aina nyingine, ambapo chuo kidogo hulipwa na kikubwa ili kiende kucheza ugenini, kwa matarajio ya wazi kwamba kitapigwa. Mwaka 2007 timu ya kandanda ya Kimarekani ya Appalachian State ililipwa dola 400,000 kwenda kucheza na Chuo Kikuu cha Michigan, na kwa ajabu ikashinda kwa pointi 34 kwa 32. Ila mapato hayo huwezekana tu mahali ambapo chuo kikubwa huuza tiketi zaidi ya laki moja kwa mchezo mmoja, na Kenya haina chuo cha namna hiyo.

Rai ya nne: mchezaji na avute wanafunzi

Rai ya nne ni ya hesabu zaidi. Husema kwamba chuo chenye nafasi tupu madarasani hakipotezi kitu kikubwa kwa kumsamehe mchezaji sehemu ya karo, maana mwalimu angelipwa vile vile na taa zingewaka vile vile; na mchezaji huyo, akilipa sehemu iliyobaki na kuvuta wenzake kwa sifa alizokiletea chuo, huwa faida. Vyuo vikuu vya binafsi, Zetech nchini Kenya na Ndejje nchini Uganda vikiwa miongoni mwavyo, vimejijengea jina kwa njia hii. Katika vyuo vidogo vya Marekani vya daraja la tatu, ambavyo haviruhusiwi kutoa ufadhili kwa sababu ya michezo, hoja hiyo hugeuzwa: timu huongezwa ili kila mchezaji aje kama mwanafunzi mlipaji.

Rai hii ina akili, lakini ina masharti mawili ambayo aghalabu husahauliwa. La kwanza ni kwamba nafasi iwe tupu kweli, na kwamba msamaha uishie kwenye masomo. Chuo kikianza kulipa pia malazi na chakula, hasara huwa ya fedha taslimu. La pili ni kwamba chuo cha umma, ambacho hupangiwa wanafunzi kitaifa na mgawo wake huhesabiwa na Hazina, hakina uhuru wa bei alionao mwenye chuo binafsi. Kukiiga chuo binafsi bila uhuru huo ni kukopa vazi lisilokutosha.

Mizani

Tukizipima rai hizi nne kwa vipimo vitatu, yaani uthabiti wa fedha, uadilifu wa mtozwaji, na kutosha kwake, tutaona kwamba hapana iliyofaulu vyote. Ada ni thabiti, lakini uadilifu wake una walakini. Fedha za serikali ni za haki zaidi, kwa kuwa hutozwa umma mzima, lakini hazina wakati. Udhamini haumwonei mtu waziwazi, ila ni mchache na ni mwepesi kuondoka. Msamaha wa karo una faida kwa mwenye nafasi tupu na uhuru wa bei, na ni mtego kwa asiyekuwa navyo.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo rai zote hukutana juu yake pasipo kukiri: mlipaji wa mwisho, ukifuata kila njia hadi mwanzo wake, ni mwanafunzi na jamaa yake. Hulipa kwa jina la ada. Hulipa kwa jina la kodi. Hulipa kwa jina la bonasi ya chai iliyopungua. Na ijapokuwa ni aibu kulisema, hulipa kwa jina la kodi ya kamari, ambayo sehemu yake hutoka kwa vijana waliopoteza nauli zao kwa kubashiri matokeo ya ligi za Ulaya. Madhali ni hivyo, swali la nani alipe limekwisha kujibiwa, na lililobaki ni kama alipaye ataonyeshwa anacholipia, na kama atapata chochote katika hicho.

Natija ya hoja hii ni kwamba ada iliyo wazi, ingawa haipendezi, ni bora kuliko ruzuku iliyofichwa, kwa masharti kwamba iwekwe katika akaunti yake peke yake, hesabu zake zibandikwe mahali wanafunzi wanapoweza kuzisoma, na sehemu yake kubwa itumike kwa michezo ya walio wengi ndani ya chuo, si kwa safari za wachache tu. Fedha za serikali, kwa kuwa huchelewa, zitumike kwa vitu vya kudumu, kama viwanja na vyumba vya kubadilishia nguo, ambavyo havidhuriki vikikamilika mwezi wa nane badala ya wa tano. Mdhamini naye atafutwe na vyuo vikiwa pamoja.

Na hapa ndipo gharama yenyewe inapoweza kupunguzwa. Taasisi zilizopo baina ya mji wa Kisii, Keroka na Nyamira, za ufundi, za ualimu na chuo kikuu, zinaweza kuchezeana kwa msimu mzima huku kila timu ikirudi kulala kwake. Na ligi ya namna hiyo ingempa mdhamini kitu cha kununua, na kumpa mchezaji michezo mingi kuliko mashindano ya mtoano, ambapo wengi hucheza mara mbili na kurudi nyumbani.

Upande wa hasara nao ni wajibu utajwe. Chuo kitakachoelekeza fedha zake kwa wengi kitatwaa vikombe vichache vya taifa. Kijana mwenye kipaji kikubwa atavutwa na chuo cha Nairobi chenye ufadhili, au atafuata njia ya Ouko na Ondieki kuvuka bahari. Na mkuu wa chuo atakosa picha ya kuning'iniza ofisini. Anayeuona ushindi wa taifa kuwa ndiyo sababu ya michezo ya chuo hataikubali bei hii, na hoja yake si ya kipuuzi, kwa kuwa sifa nayo huleta wanafunzi. Lakini na aeleze basi ni nani ataulipia ushindi huo, na kama mlipaji ameulizwa.

Hitimisho

Kwa muhtasari, vyuo vidogo vya Gusii havipungukiwi na fedha za michezo kwa sababu moja. Vimepungukiwa kwa kuwa gharama ya timu haipungui kwa udogo wa chuo, kwa kuwa mapato ya wanafunzi wa kujilipia yaliyokuwa yakizificha gharama hizo yalianguka baada ya 2016, kwa kuwa mgawo wa serikali hupunguka na kuchelewa, na kwa kuwa mashindano yenyewe humlipisha zaidi anayeshinda. Wadhamini na viingilio ni msaada wa pembeni, wala haviwezi kuwa nguzo. Misamaha ya karo huwafaa wenye nafasi tupu na uhuru wa bei. Serikali hufaa zaidi kwa majengo kuliko kwa nauli. Nguzo iliyobaki ni mwanafunzi, na haki yake ni ndogo na ni wazi: aambiwe kiasi anachotozwa kwa ajili ya michezo, aonyeshwe kilivyotumika, na awe na mahali pake uwanjani hata kama hajachaguliwa katika timu. Chuo kinachoweza kuyatimiza hayo matatu kina bajeti ya michezo ya kuitetea mbele ya mzazi yeyote. Kisichoweza, hata kikipata mdhamini kesho, kitaulizwa swali lile lile muhula ujao.